NEEMA TUITUPAYO JAANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa yetu ya baada ya Isha mmoja wa vijana wetu alituuliza suala. Alisema kuwa mama yake alipanda mchicha na bamia uani kwao, akavitilia samadi ya mbuzi na taka za jikoni zilizokwisha kuoza. Mboga zikasitawi. Akaja jirani akamwambia kuwa mboga hizo ni najisi, hazifai kuliwa, na kuwa haimwelekei Muislamu atawadhaye mara tano kwa siku kutia mkono wake katika uchafu. Yule mama, kwa kuiogopea dini yake, aling'oa mboga zote akaenda kuzitupa jaani. Kijana akataka kujua: je, mama yangu amefanya vyema?

Suala hili huenda likaonekana dogo mbele ya watu, nasi twaliona ni kubwa. Ndani yake mna dini ya mtu, mna chakula cha watoto wake, na mna hali ya ardhi tuliyoachiwa na wazee wetu. Na mama huyu hakukosa kwa uasi, bali alikosa kwa kutojua, naye aliyemwambia hajui zaidi yake. Tumeona basi ni wajibu wetu kuliandika jawabu lake, ili amfikie kila aliye na shaka kama yake.

Uchafu si najisi

Kwanza yatupasa tupambanue baina ya kitu kilicho kichafu na kitu kilicho najisi. Haya ni mambo mawili mbali mbali, na kuyachanganya ndiko kulikowapoteza wengi. Matope huchafua nguo, wala si najisi. Tone la mkojo laweza kukauka lisionekane kabisa, nalo ni najisi. Sharia haikufuata pua zetu wala macho yetu, bali imetaja vitu maalumu na kutuwekea mpaka.

Sasa na tutazame kilichomo katika ndoo ya taka ya nyumba zetu. Mna maganda ya ndizi na ya muhogo, mna chicha ya nazi iliyokwisha kukamuliwa tui, mna majani ya chai, ukoko wa wali, kokwa za maembe, miba na magamba ya samaki, na majani aliyofagia mtoto uani. Katika vyote hivi hapana najisi hata moja. Vilikuwa tahiri vilipokuwa sahanini, na kuoza hakukuvitoa katika utahiri wake. Basi mwenye kuvirundika akafanya mboji, suala la najisi halimhusu kabisa.

Lililobaki ni samadi ya wanyama, na hapa wanazuoni wamekhitilafiana. Katika madhehebu ya Imam Malik na ya Imam Ahmad bin Hanbal, samadi ya mnyama aliwaye, kama mbuzi na ng'ombe na ngamia, ni tahiri. Na miongoni mwa hoja zao ni kuwa Mtume (Rehema na amani za Mungu zimshukie) alisali katika mazizi ya mbuzi kabla ya kujengwa msikiti wake Madina. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii samadi ni najisi. Lakini kuwa kitu ni najisi si kusema kuwa kukitia shambani ni haramu. Wanazuoni wetu wameruhusu ardhi itiwe samadi, na waliolichukia jambo hilo miongoni mwao hawakulifanya haramu. Imam Nawawi, ambaye Minhaj yake imesomwa katika darasa za pwani hii kizazi baada ya kizazi, ameeleza kuwa mmea uliomea penye samadi si najisi wenyewe; pale palipoguswa na samadi huoshwa pakatahirika, na tunda au punje itokayo juu yake ni tahiri bila ya shaka.

Na zaidi ya hayo, imepokewa kuwa Saad bin Abi Waqqas, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, alikuwa akichukua samadi, tena ya binadamu, kuipeleka katika ardhi yake. Na imepokewa pia kuwa Abdullahi bin Umar alikuwa akimshurutisha aliyemkodisha ardhi yake asiitie samadi ya namna hiyo. Mmoja alifanya na mwengine akajiepusha, na wote wawili ni masahaba. Basi mwenye moyo mzito ana pa kutegemea, na mwenye kufanya ana pa kutegemea. Asiyekuwa na pa kutegemea ni yule mwenye kumharamishia mwenzake alichohalalishiwa.

Jawabu yetu kwa kijana ni hii. Mboga za mama yako zilikuwa tahiri. Lililompasa ni kuziosha kwa maji kabla ya kuzipika, jambo ambalo kila mwanamke wa pwani hulifanya bila ya kuambiwa. Na kama samadi iligusa nguo yake au mkono wake, aoshe kisha asali. Hapana zaidi ya hayo.

Na anayestaajabu vipi kitu kizuri kitoke katika kibaya, na asome Sura ya Nahl. Humo Mwenyezi Mungu ametutaka tuzingatie maziwa tunywayo, namna anavyoyatoa ndani ya matumbo ya wanyama, baina ya mavi na damu, yakatoka safi na matamu kwa wanywaji. Mbona hatusikii mtu akiyakataa maziwa kwa sababu ya majirani zake tumboni?

Kondoo aliyetupwa

Tukitoka katika suala la kujuzu, twaingia katika suala lililo kubwa zaidi nalo ni hili: je, yafaa tutupe kitu kilichobakiwa na manufaa?

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas kisa cha kondoo aliyepewa sadaka mtumwa wa Bibi Maimuna, kondoo akafa, watu wakamtupa. Mtume (Rehema na amani za Mungu zimshukie) alipompita pale alipolala aliwauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaitengeneza wakanufaika nayo. Wakajibu kuwa ni mzoga. Akawafahamisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla tu.

Itazameni hadithi hii vyema, ndugu zetu. Wale masahaba walikuwa na hoja kama ya yule jirani: kitu kimekwisha kuwa kibaya, basi na kitupwe chote. Mtume hakuikubali hoja hiyo. Aliwafundisha kuwa kitu chaweza kuharamika kwa njia moja na kikabaki na kheri kwa njia nyengine, na kuwa ni juu ya Muislamu kuitafuta ile kheri iliyobaki kabla ya kukitupa. Ikiwa haya yasemwa juu ya mzoga, yasemweje juu ya maganda ya ndizi?

Majongoo wa Bamburi

Walio Mombasa hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Kule Bamburi, tangu miaka ya 1950, mawe ya matumbawe yalichimbwa kwa ajili ya kiwanda cha saruji, hata pakabaki uwanja mkubwa wa mawe meupe, hauna udongo wala kivuli, na maji ya chini yake yana chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja aitwaye René Haller alipewa kazi ya kujaribu kupaotesha. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizosalimika ni tatu tu, na uliositawi kuliko yote ni mvinje, huu huu tuuonao ufukoni.

Mivinje ikakua, kwani ina vijidudu katika mizizi yake viisaidiavyo kuvuta rutuba kutoka katika hewa. Lakini ukazuka mkasa. Majani yake membamba yalianguka yakajaa chini, wala hayakuoza, kwa kuwa yana ukali unaowashinda vijidudu vya kuozesha. Palikuwa na taka tele juu ya jiwe, na udongo haukupatikana. Hapo ndipo alipoletwa jongoo, yule mwenye miguu myekundu. Majongoo wakayala majani, wakayasaga matumboni mwao, na kilichotoka kwao kikawa chakula cha vile vijidudu. Udongo ukaanza kujikusanya juu ya jiwe, mwaka baada ya mwaka, ikapandwa miti mingine, wakaja ndege na wanyama. Leo pale ni msitu, na watu hulipa kiingilio kwenda kupumzika chini ya kivuli chake.

Wazee wetu walisema, mtupa jongoo hutupa na mti wake. Walikusudia kuwa mwenye kuachana na jambo baya aliache pamoja na kila kilicholishika. Mithali ni ya kweli mahali pake; lakini Bamburi yatuonyesha upande mwengine. Jongoo yule tumtupaye kwa kijiti, tena kwa kutema mate, Mola wake amempa kazi ambayo wahandisi na mitambo yao hawakuiweza. Hakuumba Mwenyezi Mungu kitu bure, na walio na akili ndio wazingatiao.

Ardhi yetu yataka nini

Udongo wa pwani yetu kwa sehemu kubwa ni mchanga, na penginepo ni mawe ya matumbawe yaliyofunikwa na udongo kidogo. Mchanga haushiki maji wala haushiki rutuba. Masika yakinyesha, maji hushuka nayo yakachukua kila kilichomo. Jua likiwaka juma moja, mmea hunyauka. Kinachotibu ugonjwa huu ni mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza yakageuka kuwa udongo mweusi. Hiyo hushika maji mfano wa sifongo, ikaishika na rutuba, kisha ikaitoa kidogo kidogo kwa kadiri mizizi iitakavyo.

Mbolea ya viwandani hatuiharamishi wala hatuitukani. Yatia nguvu upesi, na mwenye shamba kubwa la mahindi huenda asitosheke na mboji pekee, kwani rutuba yake ni ndogo ukilinganisha kilo kwa kilo. Lakini mbolea ile hulisha mmea, na haiutengenezi mchanga. Tena ni ya kununuliwa, na bei yake haimo mikononi mwetu. Mwaka 2022, vita vilipozuka baina ya Urusi na Ukraine, gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000 hapa Kenya, hata serikali ikalazimika kubeba sehemu ya gharama. Na mwaka 2024 wakulima wengi nchini walilia kuwa wameuziwa mbolea bandia. Mwenye biwi la mboji nyuma ya nyumba yake hakuuziwa bandia na mtu.

Na huku tukilia ughali wa mboga ziletwazo kwa malori kutoka bara, sisi wenyewe kila siku twaibeba rutuba ya ardhi na kuipeleka jaani. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu viozavyo. Vikirundikwa kwa wingi pamoja na mapipa na chupa, visipate hewa, hutoa uvundo na hutoa gesi iitwayo methani, ambayo huzidisha joto la dunia kuliko moshi wa kawaida mara nyingi. Walioishi karibu na jaa la Kibarani siku zake, na waishio karibu na Mwakirunge, wajua maana ya maneno haya bila ya kufundishwa na gazeti. Na wengine huzichoma taka magharibi inapoingia, plastiki na majani pamoja, moshi wa sumu ukamwingilia jirani dirishani naye yuko katika sala yake. Kuondoa udhia njiani Mtume amekuhesabu katika matawi ya imani. Je, kuuleta udhia njiani tukuhesabu katika nini?

Namna ya kufanya, na kosa letu

Hatutaki kuhimiza jambo tusilolijaribu. Baada ya suala la yule kijana tulianza wenyewe nyuma ya chuo chetu, nasi twakiri kuwa mara ya kwanza tulikosa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Tukachukua mabaki ya futari, wali na chicha na maganda ya matunda, tukayarundika yote mahali pamoja tukayafunika kwa turubai. Siku ya nne uvundo ulijaa mtaa mzima, na funza wakatambaa. Jirani mmoja alitujia, akasema kwa upole kuwa kama hii ndiyo Sunna basi na aiombee afu pua yake. Hatukuwa na la kujibu, kwani haki ya jirani ni kubwa, na jema lifanywalo kwa kumwudhi jirani lina dosari. Tukazika yote siku ile ile.

Mzee mmoja mkulima ndiye aliyetutoa katika ujinga wetu. Alituambia: mmekipa kitu maji, hamkukipa pumzi. Na huu ndio mzizi wa jambo lote. Vijidudu vya kuozesha ni viumbe hai, vyataka chakula, maji na hewa. Vikikosa hewa, hufa, na mahali pao hushikwa na vile vya uvundo.

Basi fanyeni hivi. Chagueni mahali penye kivuli, mbali na kisima na mbali na ukuta wa jirani. Wekeni chini vijiti na makumbi yaliyochanwachanwa ili hewa ipite. Kisha tieni vitu vikavu, kama majani makavu, makuti yaliyokatwakatwa, karatasi, na takataka za mbao zisizopakwa rangi. Juu yake tieni vitu vibichi vya jikoni, na samadi kama ipo. Kwa kila ndoo moja ya vibichi, tieni ndoo mbili au tatu za vikavu, na kila siku kifunikeni kibichi kwa kikavu, nzi wasikione. Miba na magamba ya samaki na yazikwe katikati ya biwi, paka na panya wasiyafukue. Nyama na mafuta msitie. Mwani uliotupwa na bahari wafaa, lakini na uoshwe kwanza chumvi itoke. Kadhalika makumbi yaliyolowekwa baharini. Majivu ya kuni tieni kidogo sana, kwani ardhi ya matumbawe imekwisha kuwa na chokaa ya kutosha.

Lundikeni mpaka biwi lifike kiasi cha mita moja kwenda juu na mita moja kila upande. Likiwa dogo mno, halipati moto. Maji yake yawe kiasi cha nguo iliyokamuliwa: ina unyevu, wala haitiririki. Baada ya siku chache mtaona ajabu. Biwi litapata joto lenyewe bila ya moto, hata mkono usistahimili kukaa ndani yake. Joto hilo likifika nyuzi 55 na kupita, likadumu, huua mayai ya minyoo na mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Kila juma lipindueni kwa koleo, la nje liwe ndani na la ndani liwe nje. Baada ya miezi mitatu au minne litakuwa limepungua kiasi cha nusu, limekuwa jeusi, na harufu yake ni ya udongo ulionyeshewa na mvua ya kwanza. Hapo itieni mboji juu ya tuta kiasi cha vidole viwili, mchanganye na mchanga. Na asiye na shamba asiseme hana pa kuitia; bati la zamani lililotobolewa chini, fungu moja la mboji na mafungu matatu ya udongo, humea mrihani na pilipili juu ya dari ya nyumba ya Mji wa Kale.

Tahadhari mbili

Tuna tahadhari mbili, na twaomba zisipuuzwe.

Ya kwanza, si kila taka ni chakula cha ardhi. Betri, vyombo vya rangi, mafuta ya gari, mbao zilizopakwa rangi na plastiki visikaribishwe katika biwi. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi karibu na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi, na risasi hiyo ikaingia katika miili yao na ya watoto wao. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaipa nguvu hukumu hiyo. Kutumia taka tena ni jambo jema, ila kwa ilimu. Bila ya ilimu, aliyekusudia faida huacha msiba.

Ya pili, maji machafu ya vyoo yasitiwe katika mboga. Kisa cha Saad tulichokitaja kisifanywe hoja ya kumwagia mchicha maji ya mtaro. Humo mna kipindupindu na mayai ya minyoo, na kujidhuru na kumdhuru mwengine kumekatazwa katika dini yetu. Kwa mtu wa mjini, taka za jikoni na samadi ya mbuzi zamtosha.

Tulichokidharau

Ndugu zetu, tukisema kweli, kizuizi chetu kikubwa hakikuwa fikihi. Kizuizi chetu ni kiburi. Tumejizoeza kuona kuwa kushika taka ni kazi ya watu duni, na mwenye kusukuma mkokoteni wa taka hupita asisalimiwe. Tumesahau kuwa palikuwa na mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Akafa usiku, wakamzika bila ya kumwambia, kwa kuliona jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa aliuliza khabari zake, akawalaumu kwa kutomjulisha, akaenda mpaka kaburini kwake akamsalia. Basi aliyeheshimiwa na Mtume kwa kufagia, sisi ni nani hata tumdharau mfano wake?

Wala mtu asiifanye mboji kuwa ni rukhsa ya israfu. Tumehudhuria walima ambao masinia ya pilau yalirudi nusu, yakamwagwa nyuma ya nyumba, na milango mitatu mbele yake palikuwa na mama asiyeteleka chochote usiku ule. Mwenyezi Mungu amewaita wenye ubadhirifu ndugu wa mashetani, na kuoza kwa pilau ndani ya biwi hakulifuti neno hilo. Chakula kina daraja zake. Kwanza ni haki ya mwanadamu. Kisichoweza kuliwa na mwanadamu, apewe mnyama. Na kisichofaa kwa mnyama, hicho ndicho fungu la ardhi. Mwenye kuruka daraja amedhulumu.

Twaomba basi mambo manne. Kila nyumba na iweke vyombo viwili, kimoja cha viozavyo na kimoja cha visivyooza; na hata sheria ya nchi ya mwaka 2022 juu ya taka yatutaka tuzitenge hivyo. Kila chuo na kila msikiti wenye kiwanja na uwe na biwi moja, liangaliwe na vijana chini ya mwalimu wao. Wenye walima na wenye kufuturisha na waweke mtu wa kugawa kilichobaki kabla hakijaharibika. Na kila mmoja wetu amsalimu mzoa taka kwa jina lake.

Mtume (Rehema na amani za Mungu zimshukie) ametujulisha kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Na ametuhimiza kuwa hata Kiyama kikimsimamia mtu na mkononi mwake mna mche, akiweza kuupanda na aupande. Mwenye kuingojea Kesho hakuruhusiwa kuutupa mche. Vipi basi aitupe rutuba ya kuuotesha? Kutoka katika ardhi hii tumeumbwa, na humo tutarudishwa. Tuirudishie haki yake tungali juu yake, kabla hatujawa chini yake.

Na yule mama, twafurahi kuwaarifu, amepanda tena. Bamia zake zimeanza kutoa maua, na juma lililopita alituletea fungu la mchicha darasani. Tulilipeleka kwa jirani yake, yule aliyemwogofya, naye alilipokea. Alitwambia kuwa alikusudia kheri, nasi twaamini hivyo; kisha akauliza taka zake za jikoni azipeleke wapi.

Ewe Mola wetu, tufundishe lenye kutunufaisha, utunufaishe kwa ulilotufundisha, na utujaalie kuwa ni wenye kuitengeneza ardhi yako wala si wenye kuiharibu. Amin.

Wabillahi tawfiq.